Vipande Arobaini vya Antena

Shuleni, bondeni
4 Machi

Wifi yangu mpenzi (leo nakuita mpenzi kwa sababu nina shida),

Salamu za Mama kwanza, maana zisipotangulia zake barua haitoki humu ndani. Anasema mgongo haujambo, goti ndilo linalolia, na kwamba mwanawe unakonda huko kilimani kwa kula mkate mkavu na chai. Nikamuuliza amekuonaje, wakati tangu Novemba hujatia mguu huku. Akasema mama haoni kwa macho. Haya, nimefikisha.

Shida yangu ni boksi. Hili letu namba saba, la shule, linapokea video zenu vizuri kupita kiasi. Usicheke. Msimu mzima wa mvua tulikuwa tunatazama masomo kwa kukatikakatika, yule mwalimu wa sayansi wa kwenye video anafungua mdomo leo, maneno yanafika kesho. Sasa hata ngurumo zikipiga, picha haitetereki. Ningeshukuru nikanyamaza, ila juzi nilichungulia kile kioo kidogo cha pembeni, kinachoonyesha namba za maboksi yaliyotuchangia vipande. Nikaona 3, 5, 8, 12.

Kumi na mbili, wifi. Nikafuta kioo kwa kiganja, nikasoma tena. Kumi na mbili.

Ndilo boksi alilokwenda kulitengeneza ndugu yako kule machimbo ya mawe tarehe 21 Novemba, kilima kikaporomoka. Ndilo ulilowaambia watafutaji kwamba limekufa. Sasa boksi lililokufa linachangiaje?

Najua utasema mwalimu wa hesabu aache mambo ya mitambo. Lakini hesabu yenyewe ninaijua. Mume wangu mwenyewe, Antena wetu (mpaka leo hakuna anayemtaja kwa jina lake, na kwa urefu ule nani angejisumbua) alinichorea kwa chaki kwenye mlango wa jiko, na sijaufuta. Mtambo wenu unarusha video ikiwa mafungu, kila fungu limekatwa vipande arobaini. Kikipotea kimoja njiani, sisi huku hatuna njia ya kuomba kirudiwe. Kwa hiyo maboksi hayapeani vipande vyenyewe, yanapeana michanganyo: hiki jumlisha kile, kile toa hiki. Ni kama fumbo la umri. Ukinipa jumla ya umri wa mama na mtoto, sijajua kitu. Ukinipa na tofauti yao, nimewajua wote wawili. Haijalishi nani kanipa jumla na nani kanipa tofauti. Mchanganyo wowote unafaa, mradi uwe mpya. Vikitimia arobaini, fungu zima linafunguka.

Basi nani ananichanganyia kutoka machimboni?

Unajua ninachouguza. Asubuhi ile tuligombana kwa upuuzi, kwa sababu ya ngazi ya shule aliyoichukua bila kuuliza. Nikamwambia mbele ya Mama, "Nenda, na usirudi." Hakurudi. Nusu ya watu hapa wanasema amefukiwa. Nusu wanasema alivuka mlima na yule mpishi wa kambi ya barabara, ambaye naye aliondoka wiki hiyohiyo. Tena hawasemi pembeni. Wanasema dukani, mimi nachagua nyanya. Nataka kujua jambo moja tu kabla sijazeeka: aliniacha, au alizuiwa?

Nijibu kwa dereva huyuhuyu wa betri, anapita Ijumaa.

Wifi yako,
Mwalimu


Mtamboni, kilimani
9 Machi

Wifi,

Mwambie Mama nakula vizuri, na mkate si mkavu.

Boksi namba kumi na mbili halipo. Unachokiona ni kumbukumbu ya zamani. Mwezi uliopita tulituma agizo jipya kwenye maboksi yote, na agizo jipya likiingia, wakati mwingine vitu vya kale vilivyolala ndani ya boksi jirani huibuka na namba zao. Ni kama vumbi ukihamisha kabati. Hakuna anayekuchanganyia chochote.

Fanya hivi. Nyuma ya boksi lako, chini ya waya mweusi, kuna kitufe. Kibonyeze, hesabu mpaka kumi bila kuachia. Litajifuta lote na kuanza upya. Lifanye asubuhi, kabla ya masomo.

Na usimwambie Mama. Wewe nakujua, ukipewa nukta unaijengea nyumba.

Wifi yako,
Fundi


Shuleni, bondeni
18 Machi

Wifi,

Mama ameshajua. Si mimi niliyemwambia, ni beseni.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, usije ukasema nimeijengea nukta nyumba. Kila siku saa nne asubuhi, kipindi cha sayansi, yule mwalimu wa kwenye video anasimama kidogo. Hakatiki, anasimama tu, mkono hewani, muda wa kupepesa jicho. Halafu inasikika sauti ya maji yakidondoka. To. To. To. Wanafunzi walidhani ni sehemu ya somo, mmoja akaandika kwenye daftari kabisa. Siku ya tatu Mama, aliyekuwa ameketi nyuma ya darasa akipumzisha goti, akainuka, akaenda jikoni, akarudi na beseni, akaliweka mbele ya skrini. Paa letu ni kavu kama unga, wifi. Nikamuuliza, "Mama, beseni la nini?" Akasema, "Mtu akidondokewa, unamwekea chombo."

Sauti ikishapita, taa ya boksi inawaka kijani mara moja, na kile kioo kinabadilika. Nimeandika kila siku nilichokiona. Leo kimesema: Fungu 1, kutoka 12, vipande 19 kati ya 40. Halina namba ya somo, halina jina la kipindi. Jana vilikuwa kumi na saba. Vumbi la kabati linajua kuhesabu?

Hata hivyo nilikutii. Alhamisi nilifika mapema, nikatia kidole nyuma ya waya mweusi, nikabonyeza. Moja, mbili, tatu. Nilipofika saba, maji yakadondoka. Haikuwa saa nne, wifi. Ilikuwa saa moja na robo, skrini ilikuwa imezimwa. To. Nikaachia kidole kama nimeshika kaa la moto. Nikakaa chini sakafuni na sketi yangu ya kazi, nikalia mpaka watoto wakaanza kuingia. Niliwaambia ni mafua.

Naogopa, nakwambia ukweli. Lakini pia nina hasira. Huku dukani leo wamenitania kwamba huenda Antena ananitumia salamu kutoka kwa mpishi wake. Nimewajibu: za mwizi ni arobaini, na huyu ameshafika kumi na tisa. Vikitimia tutamwona alipo na aliye naye.

Wifi yako,
Mwalimu


Mtamboni, kilimani
24 Machi

Wifi,

Sikuandikii sasa kama wifi. Nakuandikia kama mkuu wa mtambo. Lizime boksi namba saba. Ng'oa betri. Nitakuletea jingine jipya mwisho wa mwezi, watoto watakosa masomo wiki moja, hawatakufa.

Hujui unachocheza nacho. Kipande kibovu kimoja kinatosha kuharibu fungu la kila nyumba, kwa sababu kinachanganywa na vizima, na mchanganyo unasambaa. Boksi lako ni la kati, likichafuka bonde zima litachafuka. Msimu wa mvua unarudi. Tukitaka kurusha tangazo la hatari, picha lazima ifike ikiwa safi. Nina watu elfu na zaidi wa kuwafikiria, si beseni la Mama.

Kama hutaki kulizima, sawa. Jumatatu nitalifungia tena namba 12 kutoka huku, na mambo yatakwisha.

Nakuomba, wifi. Mtu akishaondoka, kuna vitu ni bora visifunguke. Mwache apumzike huko aliko.

Fundi


Shuleni, bondeni
2 Aprili

Wifi,

Umeandika "nitalifungia tena."

Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka kumi na minne. Neno likimponyoka mtu, hata liwe dogo kama sisimizi, mimi naliona. Huwezi kukifungia tena kitu ambacho hukukifungia mwanzo. Na huwezi kulifungia boksi lililokufa.

Jumatatu imepita na hukufungia. Vipande vimeendelea kuja: ishirini na sita, thelathini na moja, thelathini na saba. Kisha mvua kubwa ikashika, na leo ni siku ya nne kioo hakijasogea. Thelathini na saba kati ya arobaini. Mwalimu wa sayansi hasimami tena, anafundisha moja kwa moja kama mtu asiye na habari. Maji hayadondoki. Mama anakaa mbele ya skrini na beseni kavu miguuni, hali chakula, ananiuliza, "Amenyamaza kwa nini?" Namjibu ni mvua, Mama.

Vitatu, wifi. Nimebakiza vitatu na sijui nivitoe wapi. Unavyo?

Kama unavyo na umenyamaza, basi jua kwamba mimi nilikuwa nakutetea. Watu walipouliza kwa nini dada yake hajaja hata kuhani, nilisema ana kazi nyingi. Mama alipouliza nilisema barabara mbaya. Niambie sasa nilikuwa namtetea nani.

Mwalimu


Mtamboni, kilimani
7 Aprili

Wifi,

Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu nimezichoma.

Boksi halikufa.

Kilima kiliporomoka tarehe 21. Tarehe 24 asubuhi nilikaa mbele ya boksi namba moja, hili la ukaguzi lililo mezani kwangu, linaloyasikia maboksi yote ya bonde. Siku ile tulikuwa tunarusha tangazo la kuwahamisha watu wa kando ya mto, na picha ilikuwa inaharibika kila nyumba. Nikafuatilia. Nikakuta 12 linatoa vipande visivyolingana na chochote nilichorusha. Kwetu kazini kanuni ni ileile ya samaki mmoja akioza. Nikasema maji yameingia ndani, linabwabwaja. Nikaliweka kwenye orodha ya waliofungiwa, nikayaamuru maboksi yote yasilisikilize. Picha ikatakata papo hapo. Watu wakahama salama, nikapigiwa makofi.

Mchana wakaja watafutaji wakaniuliza: boksi alilokwenda kulitengeneza linasema chochote? Wifi, kwenye daftari la kazi nilikuwa nimeshaandika "limekufa." Sikuwa nimelala siku tatu, ndugu yangu amepotea, na nilikuwa nimeshaandika. Nikawaambia limekufa tangu siku ya kwanza. Wao wakakata shauri kwamba limesombwa na maporomoko, na yeye pamoja nalo. Wakachimba machimbo ya chini. Machimbo ya juu, mahali lilipofungwa, hawakupanda. Tarehe 26 wakakunja kamba zao wakaondoka.

Vipande vilivyokataliwa havipotei. Vinaangukia kwenye jalala la boksi namba moja, na jalala hilo huwa silifungui mwaka mzima. Januari nililifungua nikitafuta kitu kingine. Nikakuta vya 12. Havikuwa takataka. Vilikuwa vya fungu moja, lenye tarehe 24 Novemba, vimepangwa vile alivyozoea kupanga yeye akilijaribu boksi kwa ile kamera yake ndogo ya kazi. Fungu moja tu. Nimetafuta la pili mpaka macho yameniuma, hakuna.

Vilikuwa mia mbili na kumi na viwili. Arobaini vingetosha.

Sikuvifungua. Nilijua nikivifungua nitajua kama alikuwa hai wakati namfungia. Februari, tulipotuma agizo jipya, orodha ya waliofungiwa ilitakiwa kuhamishwa kwa mkono. Sikuihamisha. Mpaka leo sijui kama nilisahau, au mkono ulikataa kumfungia mara ya pili. Wewe ulipoandika kwamba umeona 12, nikakujibu habari za vumbi la kabati.

Humu ndani kuna kadi. Nimetia vipande vitatu, vyovyote vile, nimevichota nikiwa nimefumba macho. Wewe una thelathini na saba. Ichomeke ubavuni mwa boksi lako, itatimia.

Mwambie Mama mwenyewe, au nisubiri nimwambie. Lolote utakalosema ni haki yako. Usinifiche utakachokiona.

Wifi yako, kama bado,
Fundi


Shuleni, bondeni
13 Aprili

Wifi,

Umesema nisikufiche. Sikufichi.

Tulikuwa wawili tu, mimi na Mama, wanafunzi niliwarudisha nyumbani. Nilichomeka kadi. Kioo kikasema 40 kati ya 40. Skrini ikawa nyeusi, halafu maji yakadondoka, sauti ileile, to, to, na Mama akasogeza beseni kwa mguu.

Ni dakika moja na nusu. Uso wake umejaa skrini nzima, amejimulika kwa taa ya kamera, ana vumbi mpaka kwenye kope. Nyuma yake ni mawe. Naandika maneno yake kama yalivyo, sikupunguza, sikuongeza.

"Mwalimu, uliniambia nisirudi. Umeona nilivyo mume mtiifu?" Akacheka, akakohoa. "Niko kwenye stoo ya zamani ya baruti, machimbo ya juu. Mlango umezibwa na mawe. Mguu umebanwa, lakini maji ninayo, yanadondoka hapa kichwani, nakinga kwa kofia. Ngazi ya shule imevunjika, naomba radhi. Mama asilie. Msihangaike kutangatanga, Dada anakagua vipande kila asubuhi kabla ya chai, hakuna kipande kinachompita yule. Akiona hiki hakina namba ya somo atajua ni mimi. Kesho asubuhi mtakuwa hapa. Mwalimu, njoo na uji."

Basi. Ikaisha hapo.

Hakuniacha, wifi. Nimetembea kijiji kizima leo nikilisema neno hilo, nimeingia mpaka dukani nikalisema kwa sauti, "Hakuniacha," mwenye duka akainamisha kichwa. Nimefurahi kama mwendawazimu, halafu nikakumbuka uji, nikageuka nikarudi nyumbani.

Mama hakulia. Akaniuliza, "Kesho ipi?" Nikamwambia, Mama, ile ya Novemba. Akasema, "Basi amengoja sana," akaenda kukoroga uji. Nimeshindwa kumzuia. Kuhusu wewe nimemwambia yote, maana siwezi kumficha mtu aliyeweka beseni. Sijui anawaza nini, na sijamuuliza.

Kesho alfajiri wanaume kumi na wawili wanapanda machimbo ya juu na mitaimbo.

Mwalimu


Mtamboni, kilimani
15 Aprili

Wifi,

Nimesoma. Kabla ya chai. Kweli ndivyo alivyozoea kuniona, kwa kuwa akija kunitembelea ananikuta hapahapa, ananitania kwamba siku nitakayokufa watanikagua kwanza kama vipande vyote vipo.

Sijanywa chai tangu barua yako ifike. Kikombe kipo, nakitazama.

Nije kumzika ndugu yangu? Niambie ndiyo au hapana. Nikija, nitakaa popote mtakaponiweka, hata nje ya uzio.

Fundi


Shuleni, bondeni
22 Aprili

Wifi,

Tumemzika Ijumaa. Barua yako ilifika Jumamosi, kwa hiyo jibu limejitoa lenyewe, si mimi niliyelitoa.

Walimkuta ameketi, mgongo ukutani, uso kuelekea mlangoni. Kofia ilikuwa magotini, imejaa maji. Ngazi ya shule iko kando, imekatika katikati. Boksi namba kumi na mbili alikuwa amelipakata. Mama alipanda mpaka kule na goti lake, hakuna aliyethubutu kumkataza, na uji aliupeleka kwenye chupa. Aliuweka miguuni pake akamwambia, "Nimechelewa, mwanangu." Hapo ndipo tulipolia wote, na wanaume wa mitaimbo pia.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hili sijamwambia mtu mwingine.

Boksi lake tumelileta nyumbani. Liko kwenye meza ya Mama, amelifunika kwa kitambaa. Jumapili dereva wa betri alikuja kutoa pole, nikamwomba alitazame, kwa kuwa yeye betri anazijua kuliko watoto wake. Akalifungua. Waya wa kwenda kwenye sola ya paani ulikatwa na mawe, na pale ulipokatika umeshika kutu nene. Betri imevimba, imepasuka. Aliipima mara mbili. Akasema, "Mwalimu, hii imekufa tangu mwaka jana. Mwisho kabisa Desemba." Nikamuuliza kama ingeweza kutuma kitu Machi. Akacheka kidogo, akadhani nina uchovu wa msiba. Betri ameondoka nayo ili asije akaungua mtu.

Vile thelathini na saba, wifi, vilitoka wapi?

Nilijiambia nisiulize. Amezikwa, nimejua nilichotaka kujua, tosha. Jana nikafungua shule. Leo asubuhi saa nne, kipindi cha sayansi, mwalimu wa kwenye video akasimama, mkono hewani. Nilisubiri maji. Hayakuwa maji. Ilikuwa sauti ya mtu anapanda ngazi ya mbao, polepole, hatua moja moja, kama mwenye mguu mbaya. Wanafunzi wote waligeuka kutazama mlango. Taa ikawaka kijani.

Nikasogea kwenye kioo. Nakunakilia: Fungu 2, kutoka 12, kipande 1 kati ya 40. Tarehe iliyotiwa ni ya leo.

Nilikimbia mpaka chumbani kwa Mama. Boksi lilikuwa mezani chini ya kitambaa, halina betri, halina waya, nililishika, baridi kama jiwe. Mama alikuwa amekaa kitandani anafunga viatu. Akaniuliza, "Ameanza tena?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mwandikie dada yake."

Basi nakuandikia. Usije. Mazishi yamepita, na mimi bado sijui nitakutazama kwa jicho gani. Labda siku moja nitajua. Kwa sasa kaa hapo ulipo, mbele ya boksi namba moja, kila asubuhi kabla ya chai, kama alivyosema. Huku mvua ikishika tunaweza kukosa vingine, na wewe ndiye unayeyasikia maboksi yote. Lolote litakalotoka kwa kumi na mbili, hata liharibu picha ya bonde zima, lipokee, litie kwenye kadi, unitumie.

Safari hii usimfungie.

Wifi yako,
Mwalimu